Gavana wa Mpakani: Moïse Katumbi na Katanga Yake

Kabla ya shaba kulikuwa na samaki.

Mto Luapula hutoka kwenye vinamasi vya Bangweulu, hugeuka kaskazini na kuteremka hadi Ziwa Mweru, na kwa sehemu kubwa ya njia hiyo ndio mpaka wa Zambia na Kongo. Mpaka huo ulichorwa na Wazungu. Wenyeji walikuja kuambiwa wakati wino umeshakauka. Watu wa ng'ambo hii na ng'ambo ile wanamtambua Mwata Kazembe mmoja, mfalme wao wa jadi, wanavua maji yaleyale, wanazikana na kuoana. Upande wa Kongo, si mbali na ziwa, kipo kijiji cha Kashobwe. Huko ndiko Moïse Katumbi Chapwe alikozaliwa tarehe 28 Desemba 1964.

Baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rhodes, kwenye bahari ya Wagiriki. Rhodes wakati huo ilitawaliwa na Italia, na mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilipotunga sheria za kibaguzi dhidi ya Wayahudi, waliokuwa na uwezo wa kuondoka waliondoka. Wengi walikuwa na jamaa zao Élisabethville, mji ambao sasa unaitwa Lubumbashi, kwa hiyo safari ya kwenda katikati ya Afrika haikuwa safari ya kubahatisha. Waliobaki kisiwani walikusanywa Julai 1944 na kupelekwa Auschwitz, na waliorudi ni wachache sana. Soriano alifika Katanga, akaingia biashara ya samaki wa Mweru, akaishi na mwanamke wa Kikongo kutoka ukoo wa Mwata Kazembe. Mtoto wao alikulia kati ya makokoro na magari ya mizigo, akisema lugha za mtoni, Kiswahili cha mjini na Kifaransa cha shuleni.

Naanza na habari za wazazi kwa sababu katika maisha ya kisiasa ya Katumbi swali moja limemfuata kila alipokwenda: wewe ni wa wapi? Na mahali alipoulizwa swali hilo si mahali popote. Ni Katanga.

Jimbo hilo, kabla halijakatwa vipande mwaka 2015, lilikuwa na ukubwa wa karibu kilomita za mraba 497,000, zaidi ya nusu ya Tanzania nzima. Chini ya ardhi yake kuna shaba na kobalti kwa wingi ambao sehemu chache duniani zinaufikia. Rais Mobutu alipobadili majina ya nchi, mwaka 1971, aliliita jimbo lote kwa neno letu la Kiswahili: Shaba. Jina hilo lilidumu hadi 1997. Na muda mrefu kabla ya Mobutu na Wabelgiji, mtu mmoja wa Unyamwezi aliyekuja huko kwa biashara ya pembe na shaba alibaki, akapata wafuasi, akawa mtawala wa Garanganze, makao yake Bunkeya. Ndiye Msiri. Misafara yake ilifika pwani yetu. Aliuawa kwa risasi na afisa wa Kibelgiji tarehe 20 Desemba 1891, na watu wake, Wayeke, wapo hadi leo. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyetoka ng'ambo akageuka kuwa mkuu wa nchi ni habari ya zamani sana Katanga.

Ipo pia habari nyingine, ya karibu zaidi. Moïse Tshombe, naye mtoto wa tajiri, alitangaza Katanga kuwa nchi huru tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru wa Kongo. Waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, Patrice Lumumba, aliletwa huko na kuuawa Januari 1961. Utengano ulivunjwa Januari 1963, lakini Kinshasa haikusahau. Tangu hapo, kila kiongozi wa Lubumbashi anayependwa sana na watu wake hutazamwa kutoka mji mkuu kwa jicho la kuuliza, na huyu wetu alikuwa na mzigo wa ziada wa kuitwa Moïse wa pili.

Kampuni ya serikali ya madini, Gécamines, ndiyo iliyokuwa baba na mama wa kusini mwa Katanga. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa tani zaidi ya 450,000 za shaba kwa mwaka. Ilikuwa na shule, hospitali, nyumba za wafanyakazi, na iligawa posho ya unga. Wafanyakazi hao walihitaji kitoweo, na kijana Katumbi aliwauzia samaki. Hapo ndipo alipojifunza migodi: kupitia mlango wa jikoni. Alijua nani analipwa lini, lori lipi linapita wapi, afisa gani wa forodha anakaa kituo gani.

Halafu baba na mama huyo akaanguka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, fedha za kununulia vipuri zilikuwa zimeshaliwa Kinshasa, na uzalishaji ukashuka hadi sehemu ndogo tu ya ule wa zamani. Njaa ilipoingia, wanasiasa walitafuta wa kulaumiwa. Gavana wa wakati huo, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, aliwaelekeza watu kwa majirani zao wenye asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa migodini na Wabelgiji. Waliitwa wageni katika miji waliyozaliwa. Mwaka 1992 na 1993 watu kwa mamia ya maelfu walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko, wakalala vituo vya reli wakingoja treni za kuwapeleka kwenye nchi ya mababu ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Watoto wengi walifia njiani. Hili ni doa kubwa la Katanga, na ninalitaja hapa kwa sababu Kyungu huyohuyo atarudi baadaye akiwa upande wa Katumbi, na swali lile la nani mwenyeji litarudi naye, safari hii likiwa limegeuzwa upande.

Mwaka 1997 Mobutu alipoondoka, Katumbi alikuwa na umri wa miaka 32. Mwaka huohuo alianzisha kampuni ya kandarasi za migodi, MCK, na akashika uenyekiti wa klabu ya mpira ya TP Mazembe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliishi Zambia, akarudi 2003 vita kubwa ilipokwisha na serikali ya mpito ikaundwa. Mwaka 2006 alichaguliwa mbunge kwa tiketi ya PPRD, chama cha Rais Joseph Kabila. Januari 2007 bunge la jimbo lilipiga kura ya gavana, kwa mara ya kwanza chini ya katiba mpya, na Katumbi akapata kura 94 kati ya 102. Spika wa bunge hilo alikuwa Kyungu wa Kumwanza.

Nifafanue kidogo gavana wa Kongo ni nani, kwa sababu msomaji wa Tanzania anaweza kumfikiria mkuu wa mkoa anayeteuliwa na rais, na wa Kenya anaweza kumfikiria gavana wa kaunti anayechaguliwa na wananchi. Gavana wa Kongo yuko katikati. Huchaguliwa na wabunge wa jimbo, ana serikali yake ya mawaziri wa jimbo, na katiba ya 2006 ilisema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa jimboni yabaki jimboni. Katiba ilisema hivyo. Kinshasa haikufanya hivyo. Jimbo lililolisha hazina ya taifa lilirudishiwa kiasi kidogo na kwa kuchelewa. Gavana aliyetaka kufanya lolote ilibidi atafute fedha pale mkono wake ulipofika, na mkono wa Katumbi ulifika barabarani na mpakani.

Alianzia Kasumbalesa.

Madereva wa Tanzania wanaijua Kasumbalesa kuliko wanavyojua wilaya nyingi za kwao. Iko kilomita 90 hivi kusini ya Lubumbashi, ndipo Kongo na Zambia zinapokutana, na shaba inayokwenda bandari ya Dar es Salaam hupita hapo, kisha Zambia nzima hadi Nakonde na Tunduma. Foleni ya malori pale hupimwa kwa siku. Mwaka 2007 malori mengi yaliyotoka Kongo yalikuwa yamebeba mawe na udongo: madini ghafi, kama yalivyotoka shimoni, yakienda kuyeyushwa Zambia au kusafirishwa mbali zaidi. Kilichokuwemo ndani ya udongo huo, ni kobalti kiasi gani na shaba kiasi gani, kilitegemea neno la msafirishaji. Kodi ililipwa kwa neno hilohilo, pale ilipolipwa. Wachimbaji wadogo waliotoa mawe hayo kwa mikono, kwenye mashimo yasiyo na nguzo, walipata fedha kidogo kuliko wote katika mnyororo mzima.

Machi 2007, wiki chache tu baada ya kuapishwa, Katumbi aliyazuia malori. Hakuna madini ghafi kutoka tena. Anayetaka madini ya Katanga ajenge tanuri Katanga. Tanzania ilikuja kuyaona haya kwake Machi 2017, Rais John Magufuli alipozuia makinikia yasitoke nchini. Miaka kumi kamili kabla yake, gavana wa jimbo, ambaye kisheria hakuwa na mamlaka juu ya forodha ya taifa, alikuwa amesimama mpakani na kufanya jambo la aina hiyohiyo. Zuio lake lilivuja, kama mazuio yote yanavyovuja mahali ambapo askari hana mshahara wa kueleweka. Lakini matanuri yalianza kujengwa. Bei ya shaba ilipoanguka mwishoni mwa 2008, kutoka zaidi ya dola 8,000 kwa tani hadi karibu dola 3,000, wenye viwanda vidogo wengi walifunga na kuondoka wakiacha wafanyakazi bila malipo. Baada ya hapo bei ilipanda tena, makampuni makubwa yakaongeza kazi, na mwaka 2014 Kongo ilivuka tani milioni moja za shaba kwa mwaka, zote zikitoka Katanga. Mobutu hakuwahi kuifikia hesabu hiyo.

Sifa ya yote hayo si ya gavana peke yake. Bei ya dunia ilisaidia, sheria ya madini ya 2002 ilisaidia, na mitaji ilikuja kwa sababu madini yalikuwepo. Ila mtu aliyeishi Lubumbashi mwaka 2006 na akarudi 2012 alikuta barabara zimewekwa lami, taa zinawaka, taka zinazolewa, na malipo ya ushuru wa barabara yanaonekana yamekwenda wapi. Katika nchi ambayo watu walikuwa wameshazoea kwamba kodi ni jina lingine la kunyang'anywa, hilo si dogo.

Jambo lake lililonivutia zaidi ni la unga. Katanga inakula ugali wa mahindi, ambao wenyewe wanauita bukari, na mahindi mengi yalitoka Zambia. Zambia ilipofunga mpaka kwa sababu ya upungufu wake, Lubumbashi ililala njaa ikiwa imekalia utajiri. Katumbi aliyeujua mpaka huo tangu utotoni aliyaagiza makampuni ya madini yalime, kila moja hekta 500 za mahindi. Wakurugenzi waliozoea kuchimba wakajikuta wanaulizia mbegu na mbolea. Baadhi walilima kweli, wengine walilima kwa ajili ya picha, na mahindi ya Zambia hayakuacha kuhitajika. Hata hivyo wazo lilikuwa sahihi, na lilitoka kwa mtu aliyeanza maisha kwa kuwalisha wachimbaji.

Mapungufu yake hayakufichika. Alikuwa gavana wa jimbo la migodi akiwa pia na kampuni inayopata kandarasi migodini. Hata kama kila kandarasi ilipatikana kwa haki, mwenye mgodi anayempa kazi kampuni ya gavana hawezi kusahau kuwa ni ya gavana. Wafuasi wake hujibu kwamba alikuwa tajiri kabla ya siasa, na hilo ni kweli, lakini haliondoi tatizo. Yalikuwapo pia majivuno ya mtu anayetoa kwa mkono wake mwenyewe: fedha, magari ya wagonjwa, jezi. Watu walimshukuru yeye badala ya kuidai serikali.

Na kulikuwa na kaskazini. Nje ya ukanda wa shaba, kwenye wilaya za Manono, Mitwaba na Pweto, ambazo watu walikuja kuziita pembetatu ya kifo, hapakuwa na matanuri wala taa. Septemba 2011 mbabe wa vita Gédéon Kyungu Mutanga alitoroshwa kutoka gereza la Kasapa, Lubumbashi, na wapiganaji wa Mai-Mai waliojiita Bakata Katanga, maana yake wanaotaka kuikata Katanga iwe nchi yake, walichoma vijiji. Kufikia 2013 waliokimbia makwao walikuwa karibu watu 400,000. Tarehe 23 Machi mwaka huo mamia ya wapiganaji hao waliingia Lubumbashi kwenyewe kwa miguu, wengi wakiwa na mishale na hirizi, baadhi wakiwa watoto, wakapigana na jeshi, na mwishowe waliosalia wakajisalimisha kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa. Makumi ya watu walikufa. Jeshi na polisi ni mali ya serikali kuu, hivyo gavana hakuwa na amri juu yao. Lakini watoto wale wenye mishale walitoka ndani ya jimbo lake, kwenye nusu ambayo shaba haikuifikia, na miaka sita ya lami ya Lubumbashi haikuwa imewagusa.

Mpira ulimpa kile ambacho siasa isingempa. Mazembe ilikuwa imewahi kuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, enzi ikiitwa Englebert, kisha ikazama. Chini ya Katumbi ilichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika 2009 na tena 2010. Desemba 2010, kule Abu Dhabi, iliwafunga Internacional wa Brazili 2-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Ikafungwa na Inter ya Milano 3-0, na hakuna aliyeona aibu. Kipa Robert Kidiaba alishangilia magoli kwa kuruka juu ya makalio, na watoto wa mitaa ya Kamalondo na Katuba walimwiga. Uwanja mpya wa klabu ukajengwa Kamalondo.

Sisi wa huku tuliingia katika habari hiyo kupitia Mbwana Samatta, aliyesajiliwa kutoka Simba mwaka 2011, na Thomas Ulimwengu. Jumapili nyingi Mtanzania wa kawaida aliujua msimamo wa Mazembe kama wa timu ya nyumbani. Kwa wachezaji wetu, Lubumbashi ilikuwa mahali ambapo mshahara ulifika kwa wakati, na ambapo Kiswahili chako kilieleweka hata kama walikuchekea kwa kusema cha vitabuni.

Kwa hiyo gavana huyu alipotaka kusema jambo zito, alilisema kwa lugha ya uwanjani. Tarehe 23 Desemba 2014 alirudi Lubumbashi baada ya kukaa Ulaya kwa muda, na umati mkubwa ukampokea. Muhula wa pili wa Kabila, ambao kikatiba ulikuwa wa mwisho, ulibakiwa na miaka miwili, na mazungumzo ya kuubadilisha mpango huo yalikuwa yameshaanza. Katumbi aliwauliza watu: refa ametupa penalti ya uongo dhidi yetu, tukakubali, akatoa ya pili, tukakubali, akitoa ya tatu, je, tutakubali? Hakutaja jina la mtu. Hakukuwa na haja. Mtu wa Kinshasa aliyesikiliza alihesabu uchaguzi wa 2006, akahesabu wa 2011, akajua penalti ya tatu ni ipi.

Hotuba hiyo iliuvunja uhusiano wake na rais, ingawa ilichukua miezi tisa kwa mambo kukamilika. Mapema 2015 serikali ilifufua kifungu cha katiba kilichokuwa kimelala tangu 2006, cha kugawa majimbo 11 kuwa 26. Kifungu kilikuwa halali; wakati ndio uliosema kilichokusudiwa. Katanga ikakatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Migodi mikubwa ya Kolwezi ikabaki Lualaba, na bwana mkubwa wa Katanga yote akajikuta hana Katanga ya kutawala. Katikati ya Septemba, vyama saba vya muungano wa rais vilivyoandika barua ya kupinga muhula wa tatu vilifukuzwa, kimojawapo kikiwa cha Kyungu wa Kumwanza. Tarehe 29 Septemba 2015 Katumbi alijiuzulu ugavana na kutoka chama tawala.

Siku arobaini baadaye, tarehe 8 Novemba, Mazembe iliifunga USM Alger 2-0 Lubumbashi na kuwa bingwa wa Afrika kwa mara ya tano. Samatta alifunga, akamaliza mashindano akiwa mfungaji bora, na Januari iliyofuata akatawazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Arobaini ya ugavana ikawa sherehe.

Sherehe haikudumu. Mei 2016 Katumbi alitangaza kugombea urais, na siku hiyohiyo waziri wa sheria akamtuhumu kuajiri mamluki, tuhuma aliyoikana. Aliitwa kwa mwendesha mashtaka wa Lubumbashi mara tatu, na kila mara maelfu walimsindikiza kwa miguu hadi mabomu ya machozi yakapigwa. Akaugua, hati ya kumkamata ikatolewa, na tarehe 20 Mei akaruhusiwa kusafiri kwenda Afrika Kusini kutibiwa. Mwezi uliofuata, akiwa hayupo, mahakama ilimhukumu miaka mitatu katika kesi ya mgogoro wa nyumba. Hakimu mmoja wa kesi hiyo baadaye aliandika kwamba alishinikizwa kutia saini.

Kisha likaja swali la zamani. Machi 2018 habari zilitoka kwamba kwa miaka kadhaa Katumbi alikuwa na uraia wa Italia. Katiba ya Kongo haitambui uraia wa nchi mbili: ukichukua wa kwingine, wa Kongo umeupoteza. Uchunguzi ukafunguliwa haraka. Kwa haki, sheria hiyohiyo ingewagusa wanasiasa wengi wa Kinshasa waliorudi kutoka Ubelgiji na Ufaransa na pasipoti mfukoni, lakini aliyeulizwa ni mtu wa Luapula. Kisiwa kile kilichomfukuza baba kwa sababu ya damu yake sasa kikageuka kuwa hoja ya kumfukuza mwana.

Tarehe ya mwisho ya kuwasilisha fomu za urais ilikuwa 8 Agosti 2018, na mgombea alitakiwa kuwa nchini. Ndege yake ilinyimwa ruhusa ya kutua Lubumbashi. Akapitia Zambia, na tarehe 3 Agosti akafika Kasumbalesa kwa gari. Upande wa Kongo vijana walijaa barabarani kumngoja, polisi wakawatawanya kwa gesi na risasi. Yeye alikaa upande wa Zambia saa nyingi, akiyaona malori yale aliyowahi kuyazuia, akiiona barabara ya kwenda nyumbani. Geti halikufunguliwa. Mtu ambaye biashara yake yote, na siasa yake yote, ilijengwa kwa kuvuka mpaka huo, hakuweza kuvuka hatua mia chache.

Yaliyofuata yanajulikana. Akiwa nje alimuunga mkono Martin Fayulu. Félix Tshisekedi akatangazwa mshindi Januari 2019, huku maaskofu Wakatoliki wakisema hesabu za waangalizi wao hazikulingana na za tume ya uchaguzi. Hukumu ya kesi ya nyumba ilifutwa Aprili, na tarehe 20 Mei 2019, miaka mitatu kamili tangu aondoke, Katumbi alitua Lubumbashi. Umati ulikuwa mkubwa kiasi kwamba msafara wake ulitambaa. Chama chake, Ensemble pour la République, kiliingia katika muungano wa Tshisekedi mwaka 2021 na kutoka mwishoni mwa 2022.

Wakati chama hicho kingali ndani ya muungano ndipo mswada unaojulikana kwa jina la Noël Tshiani ulipowasilishwa bungeni, ukitaka urais uwe wa watu ambao baba na mama ni Wakongo. Kila mtu alijua umemlenga nani. Haukupitishwa, na Mahakama ya Katiba ilipoombwa mwaka 2023 imwondoe Katumbi kwenye orodha ilikataa. Lakini kelele zake zilienea mitaani, na Lubumbashi, mji wenye wazee wanaokumbuka vituo vya reli vya 1992, ulisikia maneno yaliyowahi kusemwa hapo hapo. Aliyeyasema mara ya kwanza, Kyungu wa Kumwanza, alikuwa amefariki Agosti 2021, baada ya kuwahi kuwa mshirika wa mtu aliyeitwa mgeni. Na rais aliyekuwa akinufaika na maneno hayo sasa alikuwa mwana wa Kasai.

Mwaka wa uchaguzi ulikuwa mgumu. Mshauri wa karibu wa Katumbi alikamatwa Mei 2023. Tarehe 13 Julai msemaji wa chama chake, Chérubin Okende, aliyewahi kuwa waziri, alikutwa amekufa ndani ya gari lake Kinshasa. Desemba 20 watu walipiga kura, mahali pengine siku kadhaa baadaye kwa sababu vifaa havikufika. Tume ilimpa Tshisekedi asilimia 73 na Katumbi asilimia 18. Alikuwa wa pili, na aliyakataa matokeo.

Baada ya hapo alirudi kwenye mambo ya nyumbani. Mulonde, karibu na Kashobwe, alijenga kiwanja cha ndege, kwa sababu kutoka Lubumbashi hadi huko wakati wa masika barabara ni matope. Desemba 2024, kikiwa tayari kufunguliwa, serikali ilipiga marufuku kisitumike, ikitaja usalama wa taifa, na wanajeshi wakapelekwa kukilinda. Ng'ambo ya mto ni Zambia. Wavuvi wanaendelea kuvuka asubuhi na mitumbwi yao, na samaki wa Mweru wanakwenda sokoni pande zote mbili.